Nilipewa Mawe, Dada Akapewa Udongo

Zimeni hiyo redio hapo nje, mmoja wenu aniletee maji ya kulainisha koo, halafu mkae wote watatu, na mlango muuache wazi nione ng'ambo. Wewe Mkubwa, usisimame hapo kizingitini kama abiria anayeogopa kuachwa na basi. Njoo ukae hapa, miguuni pangu. Muuguzi, mwanangu, acha kunishika mkono kila mara ukisikiliza mapigo. Yamepungua, najua, na kazi yako ya hospitali isikufanye unifiche mimi niliyekuzaa. Na wewe Kitindamimba, uliyesema asubuhi hii pale uani ukidhani kuta za mbao hazina masikio, wewe ndiye uliyenifanya niseme leo niliyotaka kuyasema kesho. Ulimwambia kaka yako, "Afadhali wamefungua milango ya bwawa, maji yanashuka. Mama mkubwa kule ng'ambo sasa yuko salama." Nikataka kucheka, nikaishia kukohoa. Maneno hayo, mwanangu, ndiyo yatakayomuua dada yangu, nami sikubali kufa kabla sijayavunja.

Kwanza mjue mlipo, maana asiyejua alipokaa hajui anachorithi. Mlima ule nyuma ya nyumba, unaojifunika mawingu tangu alfajiri kama mzee mwenye homa, ndiko yanakotoka maji yote haya. Miguuni pake pana vilima vilivyobanana kama watoto waliolazwa kitanda kimoja, na katikati ya viwili vya mwisho mto ulikuwa ukichomoka kwa kishindo, mweupe kwa povu, una haraka ya mtu aliyechelewa harusi. Ulipofika hapa ulikigonga kigongo hiki tulichojenga, ukashindwa kukipasua, ukapinda. Na kwenye kupinda ulipoa, na kila ulichokuwa umekibeba kutoka juu ukakitua upande wa pili, mwaka baada ya mwaka: udongo mwekundu, mzito, laini, ule ambao ukichomeka fimbo ya kuegemea unarudi kuikuta ina majani. Upande huu ukaacha kilichoushinda, yaani mwamba. Kisha bonde likatanuka, mashamba huku na huku, mpaka kule vilima vinapokaribiana tena kama midomo ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Hapo kwenye midomo ndipo walipojenga ukuta wao, na mluzi ukakoma.

Sisi wa bonde hatukuwa na kushoto wala kulia. Tulikuwa na juu-mto na chini-mto. Kiatu kikikubana, kilikubana cha juu-mto. Baba yenu, Mungu amrehemu, akiwa kwenye meza yake ya useremala aliniambia, "Nipe patasi iliyo chini-mto ya randa," nami nikampa bila hata kugeuza kichwa. Mkubwa, unakumbuka uliponichukua nikakae kwako mjini, ghorofani, na nilipotoka kununua sindano za cherehani nikapotea mpaka mkanitafuta na tochi? Mke wako akasema, "Bibi ameanza kusahau." Sikusahau kitu. Nilisimama njia panda nikasikiliza maji yako wapi, hayakuwapo, basi sikujua dunia imeelekea wapi. Ndiyo maana nilirudi. Mkasema nina kiburi. Kiburi ninacho, lakini siku ile sikukitumia.

Sasa haya ya dada yangu. Baba yetu alikuwa na mabinti wawili tu, akaamua kutugawia angali hai ili tusije tukauana juu ya kaburi lake. Alisimama katikati ya daraja la kamba, likiyumba, akanyoosha mikono miwili: mkubwa kule, mdogo huku. Dada akapata udongo. Mimi nikapata mawe. Nikamwuliza mbele ya watu, "Baba, mimi nitalima nini? Kivuli changu?" Akanijibu, "Wewe una mdomo, mwanangu. Mwenye mdomo hafi njaa." Watu wakacheka, na kuanzia siku ile mimi nikaitwa Mawe, naye nikamlipa kwa kumwita Tope. Nikajifunza cherehani, kwa sababu nguo haioteshwi. Nikaolewa na seremala, kwa sababu ubao nao hauombi mbolea. Hivyo ndivyo mlivyosoma, kwa sindano na msumeno, wakati wenzenu walisomeshwa na mahindi. Sisemi ili mnihurumie. Nasema ili mjue kwamba kinyongo changu hakikuanza jana, kina mizizi kwenye mwamba.

Lakini tulikuwa na mto kati yetu, na mto ulitufaa. Kila asubuhi tulishuka kuosha vyombo, yeye ukingo wake, mimi ukingo wangu, na kwa kuwa maji yalikuwa na kelele tulizoea kuyavuta maneno mpaka yawe kama wimbo.

"Weee Maweee! Umekulaaa?"

"Nimekulaaa, we Topeee! Na weweee?"

"Nitakula ukinyamazaaa!"

Wakati wa mavuno aliniinulia boga kubwa kama mtoto mchanga, akaniuliza kama mawe yangu yameshaiva. Nami nikamwuliza lile gauni lake limeshonwa na nani, na kama aliyelishona alikuwa na macho. Jioni boga lile lilivuka daraja kichwani pa mtoto wake, na gauni likaja naye ili nilifumue na kulishona upya. Hatukushukuriana hata siku moja. Kushukuriana ni kwa watu wanaoachana.

Halafu wakaja watu wa bwawa. Waliweka hema, wakabandika ramani yenye rangi ya buluu mahali palipokuwa na mashamba yetu, wakatuambia umeme unakuja. Nikasimama nikauliza, "Umeme huo utakwenda wapi?" Yule msemaji wao akasema, "Utakwenda kwa taifa, mama." Nikasema, "Taifa hilo ni nani, na kwa nini anaishi mbali kila panapogawiwa kitu, na anaishi karibu kila anapotaka kitu?" Watu wakapiga makofi. Msemaji akasema, "Mama, tukae chini, tusichanganye siasa." Nikakaa. Tazameni juu ya paa hili mtakapotoka: nyaya nne nene kama mkono wa mtu, zinavuma usiku na mchana zikienda kwa huyo taifa, nami nawasha kibatari chini yake. Kama kuna hoja ya kunijibu, nimeingoja miaka yote hii, na sasa sina muda tena wa kuingoja.

Tulikubaliana wote wa bonde kwamba hakuna anayeweka dole gumba kwenye karatasi zao mpaka watuonyeshe kwa macho tunakohamishiwa. Dada yangu akaweka. Wa kwanza, kabla ya mlevi, kabla ya mjinga, kabla ya mwenye njaa. Na shamba lake ndilo lililokuwa kitovu cha bonde. Likishakwenda hilo, yaliyobaki yote yalikuwa mikia isiyo na ng'ombe. Nilishuka mtoni nikamwita. Alikuja, akasimama palepale penye jiwe lake la kuoshea.

"Mtu hashindani na mtooo!" akasema.

"Si mto uliokuja na kalamuuu!" nikamjibu.

Akageuka, akapanda zake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana tukasikizana.

Maana maji hayakuja kama mafuriko, wanangu. Mafuriko yana adabu, yanabisha hodi. Haya yalikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka unajikuta wewe uko nje. Yalichukua mawe ya kuoshea, yakachukua daraja, yakachukua vichaka, na ukingo wake ukazidi kuwa mbali. Siku moja nilisimama hapa nikaita kwa nguvu zangu zote, si kwa kumtaka, kwa kutaka kujua tu, na sauti ikatoka, ikaenda, ikazama. Kule nikamwona amesimama, mikono imefunika mdomo, anaita naye, au anapiga miayo, sijui. Maji yaliyosimama hayana kelele, lakini hayavushi neno. Mashua haivuki, miti iliyokufa imesimama humo ndani kama misumari. Na kwa barabara ni mpaka uteremke hadi ukutani, uombe askari wa geti akufungulie, uvuke, kisha upande tena upande wa pili, safari ya nusu siku kwa mtu mwenye gari. Mimi nina miguu tu, nayo mnaiona. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Waliosema hivyo hawakuwahi kuona maji yaliyozuiwa.

Alipewa kiwanja kwenye makazi mapya, huko nyuma ya ukuta, nyumba zimepangwa kama viberiti dukani. Akakaa msimu mmoja, akamwachia mwanawe, akarudi. Mwanawe naye akaenda mbali kutafuta kazi, kama ninyi. Akajenga juu kidogo ya mstari wa maji, kwenye kipande cha mwisho cha udongo wake. Basi tumekuwa hivyo, vikongwe wawili wanatazamana. Asubuhi naona moshi wake, nadhani naye anaona wangu. Nguo zake zikianikwa najua ameamka na nguvu. Zisipoanikwa siku nzima nakosa hamu ya kula, kisha naona aibu kukosa hamu kwa ajili ya mtu niliyemkasirikia. Siku tulipomzika baba yenu hapo nyuma alisimama kule ng'ambo tangu jeneza linatoka mpaka udongo unapigwa koleo la mwisho, peke yake, mdogo kama sindano. Nilimwona. Naye aliona kwamba nimemwona. Ninyi mlirudi mjini baada ya siku chache, kila mmoja na haraka yake, na siwalaumu, lakini jueni kwamba tangu hapo nyumba hii imekuwa na vyumba viwili na pumzi moja.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Watu wa mto tuna msemo tulionyonyeshwa nao: mto ukishuka, lala. Tulilala kwa msemo huo vizazi na vizazi, kwa sababu mto ulikuwa unaua ukipanda, na ukishuka unakuachia samaki na rutuba. Msemo ni wa kweli, lakini ni wa mto, na hili si mto. Udongo ule mwekundu umekunywa maji miezi yote, umevimba, umelewa, umesimama kwa sababu tu maji yenyewe yameuegemeza. Mmewahi kuona mlevi aliyemwegemea rafiki yake? Rafiki akiondoka taratibu, mlevi atakaa chini. Rafiki akiruka pembeni ghafla, mlevi atavunja meno. Nyumba ya mchonga mizinga ya nyuki ilianguka lini? Maji yalipokuwa yanashuka. Ya fundi baiskeli? Yanashuka. Ukuta wa shule, ule uliokaa miaka bila hata ufa? Yanashuka, tena kweupe, watu wakiwa wameshatoa magodoro nje kusherehekea kwamba hatari imepita. Mhandisi wa bwawa mwenyewe alitwambia hivyo kwenye mkutano, kijana mmoja mpole mwenye viatu vya matope. Alisema, "Mkiona tumefungua milango, ondokeni kwenye kingo." Tukamzomea. Nani amsikilize mtu aliyezamisha mahindi yako? Alisema kweli, na ukweli wake ukatupita kwa sababu tulikuwa na haki ya kumkasirikia.

Juzi wamefungua milango yote kwa sababu ya mawingu yale mlimani, wanataka nafasi kabla mvua haijateremka. Sijawahi kuona maji yakishuka kwa kasi hii. Muuguzi, una macho mazuri, simama mlangoni uniambie. Boma la mama yako mkubwa, nguzo zake zimekaaje?

Mmemsikia? Zimeinama. Zimeinamia ziwa. Wiki iliyopita zilikuwa wima. Na yeye, nami namjua kama ninavyokijua kidole changu, yuko ndani amejinyoosha, anajiambia mto ukishuka, lala.

Najua mnachofikiri, kwa hiyo tusizungushane. Yule mnunuzi, Bwana Mandhari, ambaye kila akifungua mdomo hutaja mandhari, anataka kigongo hiki ajenge hoteli ya kutazama maji. Mkubwa umeshakula naye chakula, sikukatazi kula. Mtaniambia mawe haya hayajawahi kuzaa kitu, sasa yamezaa, kwa nini tuyaachie? Nawajibu: yamezaa kwa sababu ndiyo pekee yaliyobaki yamesimama. Baba yangu alinipa kilichoushinda mto, na sasa kimelishinda bwawa, na kitu cha namna hiyo hakiuzwi kwa mtu anayekuja kutazama. Mtaniambia mama mkubwa alitusaliti. Alitusaliti, na siku ya kiyama nitasimama upande wa mashtaka, nimeshaandaa maneno yangu. Lakini kosa la mtu si kibali cha kumwacha afukiwe na udongo akiwa hai. Mtaniambia mwenyewe hatakubali kuja. Hiyo ndiyo hoja yenu pekee yenye miguu, nitaifikia.

Basi wosia wangu ni huu. Cherehani ni ya Muuguzi, usiiuze, ipake mafuta, hata kama hujui kushona inajua yenyewe kukaa na mtu. Zana za baba yenu, misumeno, randa, patasi, zote ni za Kitindamimba, kwa sababu wewe ndiye unayefanya kazi kwa mikono na kuona haya kuisema, usione haya. Mbuzi wale wanne gawaneni bila kelele. Mimi nizikeni hapo nyuma, kando ya seremala wangu, kwenye ile nafasi aliyoichonga kwa nyundo na tindo akiwa na nguvu zake, maana hapa hata kaburi ni kazi ya fundi. Na nyumba hii, na kigongo chote mpaka kinapogusa maji, ni ya dada yangu mpaka siku atakayofumba macho. Halafu ndipo iwe yako, Mkubwa, na ndugu zako ndani yake, bila kuikata vipande. Nimekupa wewe kwa sababu wewe ndiye unayetaka kuiuza. Anayelinda kwa kupenda hahitaji wosia.

Usiangalie chini. Niangalie mimi.

Gari lako lina mafuta? Lina. Basi kwenda si kesho, ni sasa. Ukitoka sasa utafika kwa mama yako mkubwa kabla giza halijaingia, na usikubali chai, usikubali kukaa, usikubali "ngoja nifunge mizigo." Usimwambie nimemsamehe, ni uongo, na ataujua kabla hujamaliza kusema. Usimwambie nakufa, atasema nimeanza tena kujitakia makuu. Mwambie, mdogo wako anasema nyumba yake ina vyumba viwili na kimoja hakina mtu. Akikataa, mbebe. Ni mwepesi, lakini anauma; mshike mbali na meno. Askari wa geti akikuzuia mwambie unamfuata mama yako mkubwa, na akitaka hoja zaidi mpe za kwangu, zipo nyingi, sitazihitaji.

Unasema, "Mama, nikiondoka sasa sitakukuta." Najua, baba. Wewe ndiye uliyenifungua tumbo, na ningependa uwe wewe wa kunifumba macho. Nimelipima hilo tangu asubuhi, nimeligeuza huku na huku nikitafuta namna ya kukubakiza hapa na yeye aokoke, sikuiona. Mimi nimeshafika. Maiti haina haraka, mwanangu. Mwenye haraka ni aliye hai.

Inama nikushike kichwa. Mungu akupe njia. Akupe mlango usiofungwa usoni pako, na watoto watakaokujibu kama nilivyowajibu watu mimi. Na wewe, binti yangu, mikono yako iliyoshika wagonjwa wa watu isikose ya kukushika. Na wewe mdogo, upate... upate ubao ulionyooka, na mke mwenye mdomo. Muwe kitu kimoja. Mkigombana, gombaneni mkiwa mnasikiana.

Nimechoka sasa. Muuguzi, usinilaze, niache hivihivi, nataka kuona ng'ambo. Bado moshi upo? Upo. Vizuri.

Mkubwa, bado umesimama? Nenda, baba. Nenda.

Gari limewaka?

Nyamazeni kidogo, msilie. Nataka kulisikia mpaka lifike ukutani.